Tundu Haliko Ngamani: Istilahi za Hitilafu na Ujenzi wa Linux

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za teknolojia miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili umekwama kwenye majina ya vifaa. Je, iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una utamu wake, na umejaza kurasa nyingi. Hata hivyo, umewasahau wanaohitaji maneno kuliko wote, nao ni wale ambao kazi imewaharibikia mikononi. Mtu ambaye mashine yake yaenda vizuri aweza kuita kipuri jina lolote. Mwenye shida ya lugha ni yule aliyekodolea macho skrini iliyosimama, asijue aanzie wapi.

Mfano mzuri ni ujenzi wa mfumo wa Linux kutoka katika msimbo chanzo. Watu wengi huipokea Linux ikiwa tayari imeundwa. Wapo wachache, hasa wanafunzi, wanaotaka kuiunda wenyewe kipande kwa kipande kwa kufuata kitabu cha Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. Kazi hiyo ina mpangilio usiobadilishwa ovyo. Kwanza hujengwa kompaila ya muda, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine, pamoja na zana zinazoandamana nayo. Kisha hujengwa maktaba ya msingi iitwayo glibc. Baadaye mjenzi huhamia ndani ya mfumo mpya na kujenga tena kila kitu kwa zana zile alizojiundia. Kwa kuwa kazi ni ndefu, ipo programu iitwayo jhalfs inayochukua amri za kitabu hicho na kuzipanga ili zitekelezwe zenyewe moja baada ya nyingine. Mjenzi huenda kulala, na asubuhi hukuta mstari mmoja wa mwisho: Error 2.

Mazoea ya wafasiri ni kuandika “Kosa la 2”. Hapa ndipo tafsiri inapompoteza mwanafunzi. Kwa Mswahili, kosa lina mkosaji, na mwanafunzi hujiuliza amekosa nini. Ukweli ni kwamba mstari ule hauelezi chanzo chochote. Ni programu ya make tu inayoarifu kwamba kazi iliyo chini yake imeshindwa, na mara nyingi iliyoshindwa ni make nyingine iliyoitwa na ile ya kwanza. Lalamiko la asili limo juu zaidi katika faili la kumbukumbu, pengine mamia ya mistari nyuma.

Matondoni, kijiji cha waundaji wa majahazi na wasusi wa mikeka katika kisiwa cha Lamu, lugha ya jambo hili si ngeni. Jahazi huundwa bila mchoro wa karatasi. Mkuku hulazwa kwanza. Mataruma huchongwa kwa tezo kutoka katika miti iliyopinda kwa maumbile. Nafasi za mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kalafati. Chombo kikivuja, maji hukusanyika ngamani, lakini tundu haliko ngamani. Maji yameingia kwingine, yakateremka kwa kufuata ubao na taruma hadi yakatulia chini. Anayefua maji anaokoa chombo kwa saa moja. Anayetafuta mshono uliolegea ndiye anayekitengeneza.

Error 2 ni maji ya ngamani. Kuirudia amri ile ile mara tatu kwa matumaini ni kufua maji. Kutafuta mshono ni kupanda juu ya faili hadi kwenye lalamiko la kwanza. Ikiwa kazi nyingi ziliendeshwa sambamba, ujumbe wake huchanganyika, na hapo yafaa hatua hiyo irudiwe kwa kazi moja moja ili mfuatano uonekane. Saraka ya msimbo ifutwe na kifurushi kifunguliwe upya, kwa maana mabaki ya jaribio lililoshindwa huharibu jaribio linalofuata. Kumbukumbu ya mashine nayo itazamwe, kwani ikijaa, mfumo waweza kuiua kompaila katikati ya kazi.

Iko hitilafu mbaya zaidi ya hizo. Hati ya amri ikielekeza matokeo ya hatua fulani kwenye programu ya tee ili yahifadhiwe, ganda la bash huripoti hali ya tee, si ya hatua yenyewe, isipokuwa limeagizwa vingine kwa chaguo la pipefail. Hatua hushindwa, hati ikaendelea kana kwamba mambo ni shwari, na ujenzi ukaanguka vifurushi viwili mbele. Hilo si kosa, wala si dosari ya kifurushi kilichoanguka. Ni mvujo uliofunikwa, na neno “mvujo” lingemwambia mwanafunzi mengi kuliko “kosa”.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuvisha kompyuta maneno ya bahari ni mapenzi ya kale tu. Wakumbuke kuwa neno la Kiingereza “log”, wanaloliita faili la kumbukumbu, lilitoka melini, kwenye kigogo kilichotupwa majini ili kupima mwendo. Kubernetes, programu iliyotolewa na Google mwaka 2014, ina jina la Kigiriki la mshika usukani. Hakuna anayezicheka istilahi hizo.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kuwa Kiswahili chaweza kubeba menyu na vitufe. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni ujumbe wa hitilafu. Vyama vya Kiswahili vyuoni hupanga safari za Lamu, na wanafunzi hurudi na picha za milango ya nakshi. Safari moja ingeongezwa mwendo hadi Matondoni, na kila mwanafunzi akae na fundi wakati chombo kikuukuu kinapokarabatiwa, si kipya kinaposhushwa majini, aandike kila kitenzi anachokisikia fundi anapotafuta panapovuja.