Ugonjwa wa Matete Wangojea Jina

Ugonjwa unaodumaza matete magharibi mwa Kenya uliripotiwa kwa mara ya kwanza Bungoma mnamo mwaka 1997. Mkulima hukata matete yake, yale ambayo wengi wetu twayaita napia, yakachipua vyema. Hukata tena. Katika mchipuko unaofuata, badala ya mabua marefu, huona machipukizi mengi mafupi yaliyosongamana, yenye majani membamba ya rangi ya manjano. Hatimaye shina zima hufa. Ng'ombe aliyetegemea kishamba hicho hubaki na njaa, na karo iliyokuwa ikitoka katika maziwa hukosa pa kutokea.

Huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na malisho ya ng'ombe. Nitaieleza, lakini kwanza tuwape wanasayansi haki yao, kwa maana kazi waliyoifanya ni kubwa nayo haijulikani madarasani mwetu. Mwaka 2004 watafiti kutoka Uingereza na Kenya walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ndani ya matete hayo mnaishi fitoplasma. Huyu ni bakteria asiyekuwa na ukuta wa seli, na makao yake ni mirija ya floemu, ile inayosafirisha chakula kutoka majanini. Mwaka 2009 alitambuliwa mdudu ambebaye kutoka shina moja hadi jingine: kijidudu kirukacho kiitwacho Maiestas banda, ambacho hufyonza utomvu wa nyasi.

Bakteria huyu alitambuliwaje? Hapa ndipo taaluma yangu inapokutana na ya wenzetu wa biolojia. Fitoplasma ni vigumu kumkuza katika sahani ya maabara. Amezoea mno kulishwa na mmea hata amepoteza jeni nyingi za kujitegemea. Jenomu yake aghalabu haifiki herufi milioni moja, ilhali ile ya bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, yakaribia milioni tano. Kwa sababu hiyo, hadi mwaka 1967 wataalamu wa Japani walipomwona kwa hadubini ya elektroni, magonjwa yake yalidhaniwa kuwa ya virusi. Siku hizi mtafiti husaga kipande cha jani, akatoa DNA, akainakili mara nyingi sehemu ya jeni moja iitwayo 16S, kisha akailinganisha na jeni hiyo hiyo kutoka kwa bakteria wengine. Jeni hii huchaguliwa kwa kuwa kila bakteria anayo, nayo hubadilika polepole.

Mwanafunzi wa isimu ataitambua mbinu hii mara moja. Nasi tutakapo kujua udugu wa lugha hatulinganishi maneno ya mitindo. Tunalinganisha msamiati wa msingi: maji, jicho, kufa, mbili. Ndivyo tunavyoonyesha kwamba Lubukusu cha Bungoma na Lumasaba cha upande wa pili wa Mlima Elgon ni ndugu wa karibu, ingawa mpaka wa nchi wapita kati yao. Jeni ya 16S ndiyo msamiati wa msingi wa bakteria. Kwa njia hiyo fitoplasma wa matete yetu aligunduliwa kuwa jamaa wa yule anayeleta ugonjwa wa manjano katika mpunga wa Asia, na ndiyo sababu akapewa jina Candidatus Phytoplasma oryzae, yaani fitoplasma wa mpunga.

Neno candidatus lastahili kutazamwa. Katika Kilatini ni mtu aliyevaa nguo nyeupe, kwa kuwa waliowania vyeo Roma ya kale walijitokeza wakiwa wamevaa joho jeupe. Katika sayansi hutangulizwa kwenye jina la bakteria asiyeweza kukuzwa peke yake maabarani, kana kwamba yeye ni mgombea angali akisubiri matokeo. Jenomu ya huyu wetu ilichapishwa mwaka 2016 kwa jina la Mbita1, kutokana na Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kilipo kituo cha watafiti wa wadudu wa ICIPE. Basi tunaye bakteria mwenye jina la Kilatini, la Kigiriki na la Kenya. Amejulikana Rothamsted na Nairobi. Je, katika soko la Kitale anaitwaje?

Huitwa kudumaa. Nalo ndilo chimbuko la makala haya, kwa sababu neno hilo humpotosha mkulima. Kudumaa ni kukosa kukua, na kwa mkulima yeyote mwenye akili timamu kisichokua kimekosa mbolea. Kwa hiyo huongeza samadi na kungoja. Akishauriwa kwamba tatizo ni mdudu, mkanganyiko wazidi, kwa maana katika Kiswahili chetu cha kila siku mdudu ni panzi, mdudu ni kiwavi, na mdudu pia ni kiini cha ugonjwa kisichoonekana. Katika matete haya wadudu ni wawili: mmoja aruka na mwingine amejificha ndani ya floemu. Mkulima anayefikiria yule wa kwanza peke yake atanyunyiza dawa, kisha atampa jirani pingili za kupanda kutoka katika shina lililokwisha kuambukizwa. Ugonjwa husafiri juu ya baiskeli ukiwa zawadi ya ujirani mwema.

Napendekeza tuuite ufagio wa matete. Ardhi isiyo na rutuba hutoa matete mafupi ya manjano, lakini machipukizi yake huwa machache. Ugonjwa huu hutoa machipukizi mengi mno yaliyofungamana kama ufagio. Neno lenyewe lingemwonyesha mkulima tofauti ambayo kudumaa huificha. Mdudu arukaye tumwite mbebaji, na bakteria abaki fitoplasma, kwani silabi zake zinatamkika bila taabu. Wapo watakaosema kwamba wakulima hawapokei istilahi. Hao hawajamsikia mkulima wa Trans Nzoia akitaja mahindi ya 614 kama atajavyo jina la mwanawe. Istilahi hupokewa inapomfaa mtu shambani.

Lubukusu je? Bila shaka nacho kina nafasi, na wazee wanaojua majina ya nyasi za mwituni waulizwe kabla hatujachelewa. Lakini Trans Nzoia ni kaunti ya makabila mengi, na pingili huuzwa na kugawanywa kwa Kiswahili.

Nyasi za mwituni nazo zimo katika habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba fitoplasma wamo pia katika nyasi zinazoota zenyewe Afrika Mashariki. Ukoka, kwa mfano, huwa na wake, anayeyafanya majani kuwa meupe. Nyasi yaweza kumbeba bakteria isionyeshe dalili yoyote. Hili halina maana kwamba kila bakteria aishiye ndani ya mmea ni adui. Wale wa vinundu vya mizizi ya maharagwe na desmodiamu huupa mmea nitrojeni, na wengine wengi hawaudhuru kwa lolote. Ndiyo sababu kumtambua mmoja mmoja ni kazi ya lazima, wala hawafai kuwekwa wote katika kapu moja la vijidudu.

Biolojia katika shule zetu za sekondari hufunzwa kwa Kiingereza. Sipendi hali hiyo, ila sitaki kungoja ibadilike. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikuwa imetoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa biolojia waweza kugawana kipindi kimoja. Wanafunzi waende katika shamba la matete lililokatwa majuma machache yaliyopita, kwa kuwa dalili huonekana zaidi katika mchipuko mpya. Wahesabu mashina yenye ufagio na yasiyo nao, kisha waandike kwa Kiswahili maelezo ya ukurasa mmoja ambayo mzazi aweza kuyafuata: shina gonjwa ling'olewe pamoja na mizizi yake, na pingili zichukuliwe tu katika shamba lililokatwa likachipua upya bila dalili. Insha hiyo isahihishwe na walimu wote wawili, kisha ipelekwe nyumbani kabla ya mvua za kupandia.