Kuujua Mwisho Hakuiui Tamthilia

Imeenea itikadi miongoni mwa watazamaji wetu, na hata miongoni mwa watungaji, kwamba tamthilia ya televisheni huhukumiwa kwa kutazamwa mara moja tu: ikiwa imemshika mtu roho usiku ule wa kwanza, basi imekwisha kutimiza faradhi yake, na mwenye kuirudia hali akiujua mwisho wake ni mtu asiye na shughuli. Kwa itikadi hii, aliyehadithiwa mwisho hujiona ameibiwa, na mtunzi huhesabiwa fundi kwa kadiri ya mambo aliyoyaficha. Nasema wazi kwamba itikadi hii ni batili, na kwamba madhara yake kwa sanaa yetu ni makubwa kuliko tunavyodhani.

Hoja za kuipinga hatuna haja ya kuzisafiria. Hapa Nyololo, ambapo njia ya Igowole na Mgololo huachana na barabara kuu, na katika mkoa wote huu wa Iringa, kisa cha Mtwa Mkwawa hakijapata kuchosha masikio ya watu, ilhali ni nadra kumkuta mtoto asiyejua mwisho wake: kwamba baada ya ushindi wake juu ya Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, na baada ya kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga, alijiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwao, na kwamba fuvu lake halikurejeshwa ila mwaka 1954. Msikilizaji wa kisa hiki, kwa kuwa hana tena haja ya kuuliza kutatokea nini, hupata nafasi ya kuuliza yaliyo makubwa zaidi: ujasiri ule ulitoka wapi, ni nani waliomwacha, na je, mtu mwingine katika mahali pake angalitenda nini?

Kadhalika Mwalimu Nyerere, aliyeitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, hali dola changa ikimlemea mabegani, aliirudia na kuisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Habari za kuuawa kwa Kaizari zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kusomwa karne nyingi kabla Shakespeare hajazaliwa. Kinachowavuta watu hata leo ni kumtazama Brutus akiishawishi nafsi yake kwamba kumuua rafiki ni wema.

Na atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wasomi na akumbuke Twende na Wakati, mchezo ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993, juu ya Mkwaju, dereva wa malori ya safari ndefu aliyekuwa na wanawake huku na huku katika njia zake. Kwetu sisi tuishio kando ya barabara ya Tunduma, mahali ambapo malori hayakomi kupita usiku na mchana, mwendo wa Mkwaju ulikuwa dhahiri kwamba unaelekea kwenye UKIMWI, na bado redio hazikuzimwa, maana msikilizaji alikuwa akiupima mwenendo wake mwenyewe. Hata katika mabasi yaendayo Mbeya, vichekesho vya marehemu Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, vingali vikionyeshwa, na abiria wanaovijua huanza kucheka kabla hajafumbua kinywa.

Wapo wanaojibu kwamba mtazamaji wa kijijini ni mtu wa kazi, anayetoka shambani au msituni amechoka, ambaye umeme humkatikia na malipo ya king'amuzi humwishia, kwa hiyo apewe kitu chepesi kinachokwisha papo hapo. Dhiki hizo ni za kweli, wala sizidharau. Lakini mtu anayeinunua saa yake kwa taabu kiasi hicho anastahili kilicho bora, na kumpa hafifu kwa sababu ya dhiki yake ni kumdhulumu mara ya pili. Fauka ya hayo, vituo vyenyewe hurusha marudio kila juma. Yule aliyekosa sehemu ya usiku huipata kwa marudio, na yule aliyeiona huketi naye tena: ni haki yake kukuta humo jambo ambalo hakuliona kwanza, asitafunishwe makapi ya muwa uliokwisha kunyonywa.

Simtetei mtunzi anayevuruga kisa chake ili aonekane ana kina. Tamthilia isiyoeleweka mara ya kwanza imemkosea adabu mtazamaji; lakini iliyokwisha yote mara ya kwanza imemkosea zaidi, kwa sababu imemdhania kuwa hana akili ya kurudi. Itikadi ninayoipinga ndiyo iliyotuletea ajali za ghafla, watoto wa siri wasiokwisha na maiti wanaofufuka, maana mtunzi anayeishi kwa mshangao peke yake hana budi kuzua mwingine kesho, hata wahusika wake wapoteze tabia, na tukio la leo likanushe la jana.

Basi enyi watungaji, andikeni kila tukio mkijua kwamba yuko mtu atakayelitazama tena hali akiujua mwisho, na msiridhike mpaka muwe na cha kumpa. Na wewe mtazamaji, tamthilia ikikwisha, jiulize kama ungependa kuiona upya. Ikiwa hungependa, usiiite nzuri.