Milima ya Ngong Si ya Wenye Magari Pekee

Miongoni mwa dhana zinazopaswa kung'olewa katika vijiji vya Kibera na mitaa ya Kawangware ni ile isemayo kwamba kupanda mlima ni starehe ya matajiri na wageni, na kwamba mkaazi wa kijiji kama Gatwekera hana la kutafuta huko. Dhana hiyo haikuzuka bure. Watu wengi hukutana na jambo hili kwa mara ya kwanza katika matangazo ya kampuni za utalii, ambazo hutoza shilingi elfu kadhaa kwa siku moja, na kibarua anayelipwa kwa siku, akikilinganisha kiasi hicho na kodi ya chumba chake, hufunga mjadala papo hapo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hizo hulipia gari la kukodi, mwongozaji na faida ya kampuni. Mlima wenyewe hudai kidogo sana. Watu wanaojua kupanda matatu na kupanga siku yao wanaweza kwenda na kurudi bila kampuni yoyote, na makala hii inakusudia kuonyesha kwamba inafaa wafanye hivyo.

Mlima uliopo karibu ni Milima ya Ngong, safu iliyoko kusini-magharibi mwa Nairobi katika Kaunti ya Kajiado, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, ambayo kilele chake kirefu zaidi kina kimo cha mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Ulimwengu wa nje uliijua milima hii zamani, kwa sababu Karen Blixen, mkulima wa kahawa kutoka Denmark, aliiandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1937, na rafiki yake Denys Finch Hatton alizikwa huko mwaka 1931, kaburi ambalo wageni wamekuwa wakilizuru tangu hapo. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu wa Ulaya anaifahamu kupitia kitabu, ilhali mtoto wa Kibera, anayeiona kwa macho yake asubuhi isiyo na ukungu, anaweza kumaliza shule bila kuikanyaga.

Njia ya kufika ni nyepesi. Msafiri wa Gatwekera hupanda kwa miguu hadi Olympic, akapita Makina na soko la Toi, akatokea Adams Arcade kwenye Barabara ya Ngong. Yule wa Kawangware hufuata Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner. Katika vituo vyote viwili hupita matatu za nambari 111, ambazo hutoka katikati ya jiji na kupitia mtaa wa Karen hadi mji wa Ngong, na nauli yake siku za kawaida huzunguka shilingi 100. Kutoka mji wa Ngong hadi lango la msitu pana kilomita chache za kupanda, ambazo mwenye miguu mizima huzitembea na mwenye haraka huzipita kwa bodaboda, baada ya kukubaliana bei kabla ya kuketi.

Hapo kwenye nauli ndipo wengi huharibikiwa, na ndipo panapostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Nauli ya matatu haina bei moja: hupanda asubuhi na jioni za siku za kazi, wakati abiria wanapogombea viti, na hupanda tena mvua inapoanza kunyesha, hata utingo aliyeita shilingi 80 saa nne akaita 150 saa kumi na moja kwa safari ile ile. Kwa hiyo anayepanga bajeti, yaani hesabu ya mapato na matumizi inayofanywa kabla ya fedha kutumika, asiandike nauli ya kurudi kuwa sawa na ya kwenda. Aandike ile ya juu kabisa aliyowahi kutozwa, na ikibaki chenji, afurahi. Jumapili asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuondoka, kwani foleni haipo na vibarua wengi huwa wamepumzika.

Fedha zenyewe zinapatikana kwa njia ambayo Kibera imeizoea kuliko mahali pengi, nayo ni chama, yaani kikundi cha watu wanaochanga kiasi kidogo kila juma kwa lengo walilokubaliana. Haba na haba hujaza kibaba: mwanachama akitoa shilingi 50 kila juma, baada ya majuma 12 atakuwa na shilingi 600, ambazo nauli ya kwenda na kurudi hula kama theluthi moja, na zinazosalia hugawanywa baina ya ada ya kuingia, chakula na akiba ya dharura. Akiba hiyo isichanganywe na fedha nyingine, na ni heri ikawekwa kwenye simu ya mtu asiye mweka hazina, ili simu moja ikipotea au ikizimika kikundi kisikwame Ngong.

Msitu huo husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, na ada ya kuingia hulipwa kwa simu. Kiwango chake hubadilishwa na serikali kila baada ya muda, hivyo yafaa kiulizwe kabla ya mchango kupangwa. Raia hutozwa chini ya mgeni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji ya dukani, katika misitu na mbuga zinazohifadhiwa. Chupa ngumu ya mtoto wa shule, ile inayojazwa kila asubuhi, yatosha kabisa; chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu hukaa vyema ndani ya mkebe.

Kuna jambo ambalo wanaokwenda mara ya kwanza hulidharau, nalo ni baridi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, na zaidi ya hilo upepo wa Ngong hauna simile. Si bure kwamba mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo ilianza kuwekwa huko mwaka 1993, na leo uwezo wake ni megawati 25.5. Anayeondoka Gatwekera akitokwa na jasho abebe sweta. Viatu navyo visiwe ndara: katika soko lile lile la Toi, ambamo njia inapita, hupatikana mitumba yenye soli ya meno.

Usalama ni pingamizi la haki na halifai kupuuzwa. Wizi umewahi kuripotiwa kwenye vilele vilivyo mbali na lango, na kwa sababu hiyo askari wa misitu husindikiza vikundi kwa malipo, ambayo yakigawanywa na watu kumi huwa mepesi. Ni kosa kwenda peke yako, na ni kosa kubwa zaidi kwa mwanamke kuachwa nyuma ya kikundi kwa sababu wengine wana mbio. Safu nzima hadi Kona Baridi ina urefu wa kilomita 11 hivi, za kupanda na kushuka kilele baada ya kilele, na anayeimaliza hujikuta upande wa barabara ya Magadi, ambako lazima atafute gari la Kiserian kisha jingine la kumrudisha nyumbani. Kwa kikundi kinachoanza, hukumu iliyo bora ni kugeuka njiani na kurudi langoni ifikapo saa saba mchana. Mlima Longonot, wenye mita 2,776 na nauli kubwa zaidi, utangoja safari ya pili.

Katiba ya mwaka 2010 imeihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na umma huo unawajumuisha waishio katika chumba kimoja cha mabati. Mtoto anayesimama juu ya Ngong huliona Bonde la Ufa upande mmoja na jiji lake lote upande wa pili, na somo la jiografia lililomshinda kitabuni huwa limelala miguuni pake. Wakati mzuri wa kwenda ni Januari na Februari, miezi mikavu kabla ya masika ya Machi. Viongozi wa vikundi vya vijana, walimu na wazazi wa Gatwekera na Kawangware na waketi tangu Oktoba, waanze mchango, wamtume mmoja wao akaulize ada langoni, kisha watangaze tarehe.