Risala ya Watu wa Delta ya Tana kwa Watayarishaji wa Filamu ya Fumo Liyongo

Ndugu watayarishaji,

Mlipotuonyesha rasimu ya filamu yenu tulitazama kimya mpaka mwisho, kwa kuwa mgeni hakatizwi. Sasa tunasema.

Picha ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini kisa cha Liyongo mmewakabidhi wanaume pekee, wote wasomi wa mjini, wote wameketi mbele ya rafu za vitabu. Hatugombi na vitabu. Utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, tunauheshimu, na kwetu wapo wanaoughani. Tunachogombea ni kwamba hata huo hamkuufuata.

Nani alimtoa Liyongo kifungoni Pate? Kijakazi Saada. Mfungwa alimwimbia mafumbo, Saada akayabeba hadi kwa mama mtu, Mbwasho, naye akayafumbua: akatengeneza mkate wa wishwa, tupa ndani yake. Walinzi wakajilia vyakula vitamu alivyoletewa, mkate wa wishwa wakamwachia mwenyewe huku wakimcheka. Usiku wa gungu, ngoma zikirindima, minyororo ikakatwa pasipo mtu kusikia. Katika filamu yenu Saada anapita na sinia, hana jina wala hafungui kinywa. Mbwasho hayumo kabisa, ingawa ni yeye aliyeitwa kumbembeleza mwanawe, Liyongo alipokuwa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, keshakufa, na mji mzima hauthubutu kuteka maji.

La pili ni zito zaidi. Msimulizi wenu anasema kijana wa Liyongo alimchoma babake sindano ya shaba kitovuni kwa sababu ya damu ya mamake, Mgala. Mmelitoa wapi? Tunavyolijua sisi, kijana alihadaiwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Delta hii mwaka 2012 ilizika watu wengi waliouawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na Waorma ni jamaa wa hao Wagala. Maneno ya damu hapa hayasemwi ovyo.

Watu wa msituni nao mmewapaka masizi na kuwavika ngozi, wakimzunguka Liyongo chini ya mkoma kama fisi. Ni kweli walitumwa wamuue, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, wampige Liyongo zamu yake ikifika, na yeye akawashinda akili kwa kuyaangua makoma kwa mishale. Lakini aliyewatuma kwa ujira, mfalme, mmempa joho na sauti ya upole! Waboni, watu wa msituni ambao wenyewe hujiita Waaweer, wapo hadi leo, na watoto wao wataitazama filamu hii.

Kwa hiyo tunadai maneno ya damu yafutwe kabla filamu haijaonyeshwa popote. Hilo halina mjadala. Saada na Mbwasho warudishiwe sehemu yao, na wanaosimulia wawemo wanawake, hasa mabibi ambao wengi wetu tulikisikia kisa hiki kwao kwanza. Wapokomo wanazo simulizi zao za Liyongo; wahojiwe kwa Kipokomo, tafsiri iandikwe chini ya picha. Waorma na Waaweer vilevile, kwa lugha zao. Kila atakayehojiwa alipwe kama mlivyowalipa wale wa mjini. Soda na picha ya ukumbusho si malipo.

Hatuwaombi mtengeneze Liyongo mmoja wa kumridhisha kila mtu. Hata zama alizoishi wataalamu hawajaafikiana, na mzee wa Ozi, wanakoonyesha kaburi lake, hatakisimulia kisa sawa na mzee wa Pate. Waacheni wapingane mbele ya kamera. Filamu itapata utamu ambao sasa haina.

Majibu tunayataka kwa maandishi, kwa Kiswahili. Rasimu mpya ionyeshwe hapa hapa kabla ya kupelekwa kwenye televisheni, tena mchana, ili akina mama wapate kufika.

Ni sisi, wazee, akina mama na vijana wa delta.