Punda afundishwe kwanza



Nina dukuduku kuhusu wenzetu wenye mikokoteni ya punda huku Dodoma. Mtu hununua punda mnadani leo, kesho humfunga mkokoteni wenye mapipa ya maji. Punda akisita, fimbo! Kafundishwa lini?

Kumfundisha hakuhitaji watu wengi. Mmoja tu, kamba na uwanja: atembee, asimame, ageuke, azunguke duara kulia na kushoto. Akizoea, avute gogo jepesi. Asiyefika miaka mitatu aachwe akue. Tena nira ya ng'ombe humchubua, maana punda hana nundu. Afungwe mkanda mpana kifuani.

Maafisa mifugo watuonyeshe haya huko huko minadani.

Mkulima,
Dodoma.