NYIGU MLANGONI? WEKA KIBERITI CHINI!

Leo mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke kando kidogo, tuongelee kitu kinacholeta kasheshe kwenye nyumba nyingi za huku Ngara na Biharamulo: nyigu.

Ndiyo, nyigu. Wale wadudu wenye kiuno chembamba kuliko cha mlimbwende yeyote unayemjua. Umeoga, umependeza, unashika mlango utoke, mara paa! Jicho limevimba na mtoko umekufa. Jirani zetu wa Rwanda hata timu yao ya taifa wameiita Amavubi, yaani nyigu. Kwa hiyo ukimsikia dereva wa lori pale Benaco akilalamika Amavubi wamefungwa, jua anaongelea mpira.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona kiota, akili inakimbilia kiberiti. Mtu anafunga nyasi kavu kwenye fito, anamwagia mafuta ya taa, anawasha na kupeleka juu. Ebu fikiria, kiota kiko chini ya paa la nyasi au kwenye kenchi, uani kuna majani makavu ya migomba, na kiangazi upepo wa vilima vya Ngara unaujua mwenyewe. Nyigu wana mabawa, wataruka. Nyumba haina mabawa. Wengine wanapuliza dawa ya pamba au ya kahawa mpaka chumbani. Jamani, hiyo ni sumu ya shamba, haikutengenezwa ivutwe na mtoto usingizini!

Kwanza mjue mgeni wako. Kuna yule mweusi, kiuno kama uzi, anayejenga kwa tope ukutani. Huyo anaishi peke yake, hana jeshi, na ni nadra kumuuma mtu. Ndani ya vile vijumba ameweka buibui aliowapooza kwa sumu, chakula cha watoto wake. Kwangua tope lake kwa kisu, yameisha.

Wa pili ndiye mwenye noma. Anatafuna nyuzi za mbao, anachanganya na mate, anatengeneza kitu kama karatasi ya kijivu. Kiota chake kinaning'inia kwa kikonyo kimoja chini ya bati, kwenye fishabodi, chooni au kwenye migomba. Hawa wanaishi kiukoo, wanalinda watoto wao, na nyigu mmoja anaweza kukuuma mara kadhaa kwa sababu mwiba wake haubaki mwilini mwako.

Wa tatu si nyigu kabisa. Ukiona wadudu kibao wanaingia na kutoka kwenye ufa mmoja wa ukuta au dari, mara nyingi hao ni nyuki. Hapo usijifanye shujaa. Nyuki akikuuma anaacha mwiba na harufu inayowaita wenzake, na wakija wengi wanaua mtu. Huku wafugaji wa nyuki wapo, mwite mmoja au muulize afisa nyuki wa wilaya. Yeye atapata kundi, wewe utapata usingizi.

Sasa turudi kwa wale wa karatasi. Kila kiota lazima kiondoke? Hapana. Hawa wanawinda viwavi, wanawatafuna na kuwalisha watoto wao. Tangu viwavijeshi vamizi waonekane Tanzania mwaka 2017, mwenye shamba la mahindi kule Rulenge au Nyakahura anahitaji kila msaada. Kiota kilicho kona ya shamba, mbali na njia, kiache. Kilicho mlangoni, chooni au wanapochezea watoto, hicho kiondoke.

Kikiwa bado kichanga, nyigu mmoja na vitundu vichache, subiri aruke kisha kiangushe kwa fito ndefu. Kikishakuwa kikubwa, ngoja usiku, wote wamerudi na baridi imewalegeza. Vaa suruali nzito, shati la mikono mirefu, buti, na funika kichwa na uso. Tochi ifunike kwa kitambaa chekundu na uiweke pembeni, usiishike, maana wakishtuka wanafuata mwanga. Chukua bomba la kunyunyizia ambalo halijawahi kutiwa sumu, jaza maji yenye sabuni nyingi, lowanisha kiota chote. Sabuni inaziba vitundu vyao vya kupumulia. Asubuhi ukiona kimya, kiangushe na ukifukie. Kama mpaka upande ngazi gizani, achana nacho, tafuta mzoefu.

Na wewe mpangaji, usifanye kimyakimya. Mwambie baba mwenye nyumba, "Shikamoo mzee, kuna nyigu pale chooni, naomba usiku huu tuwatoe." Kisha watangazie wenzako wote uani. Isije ikawa wewe unapuliza, mwenzako anatoka na kanga moja kwenda kujisaidia!

Ukiumwa, ondoka hapo haraka. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Kuvimba pale ulipoumwa ni kawaida. Ila mtu akianza kuvimba midomo au ulimi, kupumua kwa shida, kutoka vipele mwili mzima au kuishiwa nguvu, usitafute majani wala usingoje kukuche. Kodi pikipiki au gari, mkimbize hospitali: Murgwanza, Rulenge, Biharamulo mjini, yoyote iliyo karibu. Hiyo hali inaua haraka. Vilevile aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni. Ndiyo maana soda au rubisi iliyokaa wazi usiigugumie bila kuchungulia, nyigu wanapenda utamu kama wewe.

Kwa leo naishia hapa. Ukirudi nyumbani jioni, inua macho juu ya mlango kabla hujaingiza ufunguo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!