Jasho la Mcheza Kikapu

Mtoto wa Kitanzania akirefuka kupita wenzake, hakosi mtu wa kumwambia kwamba mahali pake ni Marekani. Wakubwa humtazama kama seremala atazamavyo mti, na jina linalotajwa ni moja tu: Hasheem Thabeet. Huku Kidodi, katika njia ya kutoka Mikumi kwenda Kidatu, maneno hayo husemwa pia, ingawa watoto wengi hapa hucheza kandanda na netiboli, na fulana za mitumba zenye jina la Chicago zimewafikia kabla ya mpira wenyewe wa kikapu. Hatuna ugomvi na fulana. Neno letu ni juu ya ahadi inayofuatana nazo. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa wanaweza kuipima ahadi hiyo vizuri kuliko watu wengi wa mijini, kwa kuwa wanajua jasho ni nini na ujira ni nini.

Tuanze na Thabeet mwenyewe, maana habari zake husimuliwa nusu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma Makongo, na alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana wa miaka ipatayo 15. Akavuka bahari, akapita katika shule za sekondari za huko, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa kimo chake cha mita 2.21 aliwazuia wapinzani wasifunge, hata akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na tena mwaka 2009. Juni 2009 timu ya Memphis ilimchagua akiwa wa 2 kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Stephen Curry, ambaye leo dunia nzima inamjua, alichaguliwa wa 7. Mtanzania wa kwanza alikuwa amefika, na taifa lilijivuna kwa haki.

Nusu ya pili haina shangwe. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa kwenda ligi ya chini. Mwaka uliofuata alipelekwa Houston kwa kubadilishana wachezaji, kisha Portland, kisha akaangukia Oklahoma City. Kwa misimu 5 alicheza mechi 224, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikakoma. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Hatuyasemi haya ili kumcheka, wala hana deni kwetu. Twayasema ili mzazi ajue kwamba yule aliyebahatika kuliko wote alipata miaka 5. Timu za NBA ni 30, na kila moja ina nafasi 15 za mkataba kamili. Hizo ni nafasi 450 kwa vijana wa dunia nzima. Vyuo vya daraja la kwanza peke yake vinapita 350, kila kimoja na kikosi chake. Mkata miwa ajua kwamba muwa uliokatwa ukilala shambani hupungua utamu siku hata siku. Mwili wa mchezaji nao ndivyo ulivyo.

Kwa hiyo walio wengi huishia vyuoni, na huko ndiko dhuluma ilikokaa muda mrefu. NCAA, jumuiya inayosimamia michezo ya vyuo, ilishikilia kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi ni mchezaji wa ridhaa na hapaswi kulipwa. Alipewa masomo, chakula na malazi, na hayo si kitu kidogo. Lakini mwaka 2010 jumuiya hiyo hiyo iliuza haki za kuonyesha mashindano yake ya kila Machi katika televisheni kwa dola bilioni 10.8, kwa muda wa miaka 14. Mwaka 2009, Thabeet alipokuwa akiichezea Connecticut pasipo ujira, kocha wake Jim Calhoun alilipwa dola milioni 1.6 kwa mwaka. Katika watumishi wote wa umma wa jimbo lile hakuna aliyemfikia, hata gavana. Jambo la namna hiyo likitokea shambani, sisi tunalijua jina lake, nalo ni unyonyaji.

Na yale masomo yaliyoahidiwa? Mwaka 2013 chuo hicho hicho kilizuiwa kuingia katika mashindano ya taifa, kwa sababu alama za maendeleo ya masomo za wachezaji wake wa kikapu zilikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Chuo hicho kilikuwa bingwa mwaka 2011, na mwaka 2014 kikawa bingwa tena.

Mambo hayo yalianza kubadilika pale wachezaji walipokwenda mahakamani. Ed O'Bannon, aliyetwaa ubingwa na chuo cha UCLA mwaka 1995, aliona sura yake ikiuzwa katika mchezo wa kompyuta naye hapati hata senti. Mwaka 2009 akaishtaki NCAA, na kesi nyingine zikafuata. Julai 2021 wanafunzi waliruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Walakini kijana wa kigeni aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi bado anabanwa na sheria za uhamiaji, hata ikiwa mwenzake Mmarekani, katika timu ile ile, analipwa. Hilo halitajwi na wanaokuja kushawishi watoto.

Habari za wachezaji wa kulipwa ni nyingine, na tungependa wanachama wa vyama vya wafanyakazi wazisome kwa makini. Wako wanaodhani kwamba mamilioni ya NBA yametokana na ukarimu wa matajiri. La hasha. Bob Cousy wa Boston alianzisha chama cha wachezaji mwaka 1954, na wenye timu wakakipuuza kwa miaka. Januari 1964, mjini humo humo Boston, mechi ya nyota ikiwa karibu kuanza na televisheni ikingoja, wachezaji walikaa katika chumba cha kuvalia wakakataa kutoka mpaka waahidiwe malipo ya uzeeni. Waliahidiwa usiku ule ule. Mwaka 1970 Oscar Robertson, kiongozi wa chama chao, alifungua kesi kupinga sheria iliyomfunga mchezaji kwa timu moja hata baada ya mkataba kwisha, na kwa mapatano ya mwaka 1976 fundo hilo likaanza kulegea. Leo wachezaji hupata karibu nusu ya mapato ya ligi. Tena umoja huo haukuishia katika mishahara: Agosti 2020, polisi wa Kenosha walipompiga risasi Jacob Blake, mtu mweusi, wachezaji wa Milwaukee waligoma kuingia uwanjani, na ligi nzima ikasimama.

Wala hatusemi kwamba mchezo huu hauachi kitu nyumbani. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikwenda chuo cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kuwa daktari. Alipata shahada yake, akacheza NBA miaka mingi, na mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama yake ikafunguliwa Kinshasa, yeye mwenyewe akiwa ametoa mamilioni ya dola. Mutombo alifariki Septemba 2024, hospitali ipo. (Ingawa wagonjwa wa nchi yoyote hawapaswi kungoja mpaka mtu mrefu mmoja afanikiwe.) Luol Deng, aliyekimbia vita vya Sudan akiwa mtoto, aliilea timu ya Sudan Kusini akiwa rais wa shirikisho lake mpaka ikafika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ikaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Na karibu nasi zaidi, Rwanda ilifungua ukumbi mkubwa wa michezo Kigali mwaka 2019, na Mei 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika ikaanzia humo.

Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipinga shule kuwa ngazi ya wachache wanaopanda huku wengi wakiachwa chini. Kikapu nacho chaweza kuwa ngazi ya namna hiyo, au kuwa mchezo wa watoto wote. Mkoa wetu wa Morogoro una ushahidi: Mtibwa Sugar, timu iliyoota katikati ya miwa ya Turiani, ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Bara mwaka 1999 na 2000. Haikungoja wakala kutoka ng'ambo. Sakafu ya saruji na magoli mawili ya chuma katika shule ya sekondari si gharama ya kuishinda Halmashauri ya Kilosa, hasa kiwanda cha sukari kikishika upande mmoja wa mzigo. Wasichana wasiachwe pembeni, kwani timu ya wanawake ya Connecticut ilikuwa imetwaa ubingwa mara 12 kufikia mwaka 2025.

Lakini kabla ya saruji kuna jambo la haraka. Mwaka 2018, katika jimbo la North Carolina, mkuu wa shule moja ya binafsi alishtakiwa kwa kuandikisha kwa karatasi za uongo vijana wapatao 75 kutoka nchi za nje ambao hawakuwa wakisoma kwake. Baadaye akakiri kosa. Vijana hao walikuwa wameahidiwa masomo na michezo.

Basi mtu yeyote atakayefika Kidodi na futi ya kupimia watoto, aanzie kwa mwalimu mkuu na ofisi ya ustawi wa jamii. Mkataba wake usomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi wote wawili, ukitaja jina la shule, nani atamtibu mtoto akivunjika mguu, na nani atalipa nauli ya kumrudisha. Matawi ya Chama ya Kidodi, Ruaha na Mikumi yanaweza kuliweka jambo hili katika kikao kijacho, na afisa michezo wa wilaya aitwe aeleze ni karatasi ngapi za namna hiyo zimepata kupita mezani kwake.